MPANGAJI NI YUPI? Uhakiki wa Maandiko Mawili juu ya Wananchi na Ujenzi wa Mji

Yeyote aliyewahi kusoma taarifa za halmashauri zetu za miji, au maandiko ya miradi yapelekwayo kwa wafadhili, amekutana na neno "ushirikishwaji". Halikosekani. Hukaa katika utangulizi, hurudi katika malengo, na mwishoni huonekana tena pale zinapotajwa sababu za mafanikio. Na mradi ukiharibika, huambiwa kwamba hilo ndilo lililokosekana. Kabla ya kuyageukia maandiko mawili ambayo ndiyo shabaha ya uhakiki huu, tumeona vema tulitazame kwanza neno lenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimesema hapa jambo ambalo lugha nyingine zimelificha.

Kitenzi ni kushiriki. Anayeshiriki hutenda mwenyewe. Jambo ni lake pamoja na wenziwe. Tukikitia kauli ya kutendesha tunapata kushirikisha, na papo hapo anatokea mtu wa pili, mwenye shughuli yake, ambaye kwa hiari yake anamwingiza mwingine. Tukiongeza kauli ya kutendwa tunapata kushirikishwa, na hapo mwananchi hatendi tena, anatendwa. Nomino inayojaa katika taarifa zetu imechongwa kutokana na umbo hili la mwisho. Kiingereza hutumia neno moja kwa hali zote tatu, hivyo msomaji wake hawezi kujua ni nani aliyeanza na nani aliyeitwa. Waandishi wa taarifa zetu hawakukusudia kukiri lolote. Sarufi ilikiri kwa niaba yao. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka pia kwamba mzizi huo huo umetupa shirika, ushirika, na usharika, na kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji mtu wa kushirikisha.

Andiko la kwanza ni makala ya Sherry Arnstein iliyochapishwa Marekani mwaka 1969 katika jarida la wataalamu wa mipango miji, ambayo tangu hapo imenukuliwa pengine kuliko makala nyingine yoyote juu ya suala hili. Mwandishi hakuwa mtu wa maktabani. Alikuwa amefanya kazi katika wizara ya serikali ya shirikisho inayohusika na nyumba na miji, akiwa mshauri wa ushiriki wa raia katika mpango wa kufufua mitaa ya maskini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966. Mitaa mingi ya namna hiyo ilikuwa ya Wamarekani Weusi. Kutokana na aliyoyaona huko alichora ngazi yenye vipandio vinane. Viwili vya chini kabisa, hadaa na tiba, havihesabu kuwa ushiriki: katika hiki cha pili raia hufanywa wagonjwa wa kutibiwa tabia zao, kana kwamba umaskini ni maradhi ya akili. Vitatu vya katikati ni kupewa taarifa, kuulizwa maoni, na kutulizwa. Mwananchi hapa husikia na kusikilizwa, lakini hana nguvu ya kuhakikisha kwamba alilolisema litazingatiwa. Vitatu vya juu ni ubia, madaraka yaliyokasimiwa, na udhibiti wa raia wenyewe.

Katika makala hiyo imewekwa picha ya bango la wanafunzi wa Ufaransa la mwaka 1968. Bango linakinyambua kitenzi cha kushiriki kama afanyavyo mwanafunzi wa lugha, nafsi baada ya nafsi. Lakini lifikapo nafsi ya tatu wingi kitenzi kinabadilika ghafla, na wale wa mbali, badala ya kushiriki, wanachuma faida. Ni mzaha, lakini makala yote imo ndani yake.

Sifa ya ngazi hii ni kwamba ilimpa mtu wa kawaida kipimo mkononi. Tumewahi kuketi katika mkutano wa mtaa mmoja ambao hatutautaja, ulioitishwa ili wananchi wapokee mradi wa barabara na mifereji. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla mkutano haujafunguliwa. Ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa, tena vizuri, kwa rangi. Mama mmoja alisimama akauliza kama wapangaji nao watapiga kura ya kuchagua kamati ya mradi. Akajibiwa kwa upole kwamba wapangaji watapata taarifa kutoka kwa wenye nyumba zao. Akaketi. Jina lake bila shaka limo katika ile karatasi, na katika taarifa ya mradi yeye ni mmoja wa walioshirikishwa. Mwenye ngazi ya Arnstein mfukoni angejua papo hapo mkutano ule ulisimama kwenye kipandio gani, na hangehitaji shahada ili kujua.

Hata hivyo ngazi hiyo ina udhaifu ambao wanaoinukuu huupita haraka. Inawaweka watu katika makundi mawili, wenye nguvu na wasio na nguvu, kana kwamba kila kundi ni mwili mmoja. Arnstein mwenyewe alikiri kwamba huko ni kurahisisha mambo, na kwamba ndani ya kila kundi kuna migongano. Wafuasi wake walichukua mchoro wakaliacha onyo. Tutaona hapa chini jinsi jambo hilo lilivyo zito katika miji yetu.

Udhaifu wa pili unajitokeza tukiisoma ngazi kwa macho ya historia ya Tanzania. Mwaka 1972 ulitangazwa mpango wa Madaraka Mikoani, ambao lugha yake ilikuwa ya kipandio cha juu: wananchi wajiamulie maendeleo yao. Tendo lililoandamana na lugha hiyo lilikuwa kuzifuta halmashauri zilizochaguliwa. Madaraka yaliondoka kweli Dar es Salaam, lakini yaliposhuka yalitua mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya, na miji ilikaa bila mabaraza yake mpaka yaliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla ya Madaraka Mikoani, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wake uliokataza viongozi kuwa na majivuno na ubeberu juu ya wale wanaowaongoza. Wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam waliyachukua maneno hayo kama yalivyo, na mwaka 1973 wakakitwaa kiwanda wakakiendesha. Mwendo huo wa viwandani haukuachwa uenee. Ngazi ya Arnstein haina mahali pa kuandika hali hii, ambamo dola yenyewe hutumia maneno ya kipandio cha nane kuvunjia kile cha sita.

Udhaifu wa tatu, ambao kwa maoni yetu ni mkubwa kuliko yote, ni kwamba ngazi huuliza nani anaamua na haiulizi nani anabeba. Mji wa Dar es Salaam uligawanywa tangu ukoloni katika uzunguni, uhindini na uswahilini, na barabara na mifereji ilianza kule kwa kwanza. Hatujasikia bado kwamba wakazi wa Oyster Bay au Masaki waliitwa mkutanoni kuambiwa kuwa barabara yao itakuja iwapo watachanga asilimia kadhaa ya gharama na kujitolea kuchimba mtaro siku ya Jumamosi. Wao hupokea huduma kama wananchi. Anayetakiwa kushiriki ni maskini. Hapa kuna upotofu ambao umezoeleka hata haushangazi tena: kile ambacho kwa mwenye nacho ni haki, kwa asiye nacho kimefanywa kuwa tunzo ya jitihada.

Andiko la pili ni kitabu cha John F. C. Turner, Housing by People, kilichotoka mwaka 1976, mwaka ule ule mataifa yalipokutana Vancouver katika mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya makazi. Turner, msanifu majengo Mwingereza aliyefariki mwaka 2023, alifanya kazi Peru kuanzia mwaka 1957 hadi 1965. Alikwenda kuwajengea watu. Akakuta watu waliovamia ardhi tupu kandokando ya miji wanajijengea kwa nafuu na kwa busara kuliko serikali iliyomwajiri. Hoja yake kuu ni kwamba nyumba isihesabiwe kama kitu tu, bali kama tendo. Anatumia kurasa nyingi kuwashawishi wasomaji wa Kiingereza kwamba neno lao moja ni nomino na pia ni kitenzi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuzipita kurasa hizo upesi, maana makazi yetu yametokana na kukaa, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba makazi ni matofali.

Kilicho na uzito zaidi ni mfano wake wa familia mbili za Mexico. Familia ya kwanza ni ya mpaka rangi wa magari, inayoishi katika kibanda kilichojengwa kwa mabaki, uani kwa mtu wa karibu nao ambaye hawatozi kodi. Familia ya pili ni ya mwashi aliyehamishiwa katika nyumba nzuri ya serikali, ambako kodi na gharama za huduma humla zaidi ya nusu ya kipato. Turner anahukumu kwamba kibanda kinawasaidia wa kwanza na nyumba inawaonea wa pili. Ni hukumu ya kijasiri, na iliwafaa sana mawaziri waliokuwa wakihesabu nyumba za zege kama mtu anayehesabu mifuko ya mahindi.

Lakini tuutazame tena ule mfano. Uhuru wa mpaka rangi unasimama juu ya ua wa mtu mwingine asiyetoza. Je, angalitoza? Turner hakuuliza, na hapo ndipo kitabu chake kinapotuachia pengo. Dhana yake ya kujisimamia inamfikiria mtu aliye na mahali: aliyevamia, aliyepewa, au aliyekaribishwa. Tangu mwaka 1978 Rod Burgess alimkosoa kutoka upande wa Umaksi, akisema kwamba nyumba ya maskini nayo ni bidhaa, iwe imejengwa na nani, na kwamba kumsifu maskini kwa kujijengea ni kumpunguzia mwajiri mzigo wa mshahara. Ukosoaji huo una ukweli, ingawa mara nyingine unasomeka kana kwamba Burgess angependelea watu wangoje mapinduzi chini ya mvua.

Sisi tungependa kumkosoa kwa neno moja la Kiswahili. Anayechora mji huitwa mpangaji, na anayelipa kodi ya chumba huitwa mpangaji. Lugha imewapa jina moja watu ambao hawajawahi kukutana meza moja. Katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye vyumba sita na ukumbi katikati, mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na vilivyobaki hupangishwa. Uani wote huchota maji pamoja na kupika pamoja. Mwenye nyumba huyo mara nyingi si tajiri. Yawezekana ni mjane ambaye vyumba vinne vya mbele ndiyo pensheni yake. Ndiyo maana makundi mawili ya Arnstein hayatoshi hapa, wala maadui wawili wa Burgess. Lakini mfereji ukichimbwa na barabara ikipita, thamani ya chumba hupanda, na anayelipa ongezeko hilo ni yule aliyeambiwa angoje taarifa. Ametakiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Asipoweza, anahamia mbele zaidi, kwenye mtaa ambao haujashirikishwa bado.

Tunapaswa kumtendea haki Turner katika jambo moja. Hakusema kwamba serikali ikae pembeni. Alisema ishughulike na yale ambayo mtu mmoja hawezi: ardhi, sheria, mikopo, mitandao ya maji na barabara, mengine iwaachie wakazi. Waliochukua fikra za namna hiyo na kuzifanya sera walishika nusu. Tanzania iliingia katika mpango wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia katikati ya miaka ya 1970. Viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa pale ilipokuwa imejijenga yenyewe. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 walilinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye, wakaona kwamba yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa na bora kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujaa. Waliona pia kwamba wenye elimu zaidi ndio waliovutwa huko, ingawa hilo halielezi tofauti yote. Kwa hiyo kiwanja kilichopimwa mapema ni jambo jema. Swali la nani anaishi juu yake sasa ni jingine.

Jaribio ambalo lilikaribia zaidi kujisimamia kwa kweli lilifanyika Hananasif, Kinondoni, katika miaka ya 1990. Mtaa huo uko kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, na kila masika maji yaliingia majumbani. Kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine, wakazi waliunda chama chao, na chama hicho kikapewa mikataba ya kujenga mifereji na barabara. Hapa palikuwa na tofauti ambayo tunaitilia mkazo: wachimbaji walilipwa. Kazi ya mikono ya maskini haikuitwa mchango, iliitwa kazi. Wakazi walijifunza kusoma michoro, kuweka hesabu, na kumbana mhandisi. Tukilinganisha na karatasi yetu ya mahudhurio, umbali ni mkubwa.

Lakini Turner anasema mahali fulani kwamba kasoro za nyumba huvumilika zaidi zikiwa ni jukumu la mkazi mwenyewe kuliko zikiwa za mwingine. Kwa paa linalovuja, ni kweli. Mto Msimbazi hauvuji kutoka darini. Unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe, unapita mitaa mingi, unapokea maji na taka za viwanda na za kila aliyekaa juu, na kufika bondeni ukiwa si jukumu la mtaa wowote. Kujisimamia kuna mipaka ya kijiografia, na mipaka hiyo hufuata mteremko. Kule Orangi, Karachi, mradi ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 ulilielewa jambo hili mapema: wakazi wa kichochoro kimoja walijigharimia vyoo na bomba la kichochoro chao, na serikali ikadaiwa bomba kuu la nje. Mgawanyo huo uliandikwa wazi, hivyo kila upande ukajulikana umefanya au haukufanya. Sifa hii ya kudai haikuwa bure. Perween Rahman, aliyeuongoza mradi huo na kuchora ramani za maji na ardhi ambazo wengine hawakutaka zichorwe, aliuawa mwaka 2013.

Bondeni Msimbazi mgawanyo kama huo haukuandikwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Desemba 2015 nyumba za bondeni, zikiwamo za Hananasif na Mkwajuni, zilibomolewa. Mwenye nyumba alijua zamu yake kwa alama nyekundu ya X ukutani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba bonde si mahali pa kujenga, na kwa hakika si mahali pa kujenga; ila karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo, na mafuriko yakaifuata huko. Mwaka 2018 wataalamu, maofisa na wakazi waliketi pamoja kulipangia upya bonde zima, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha. Tunakiri kwamba vikao vya 2018 vilikuwa vipana kuliko vyote vilivyotangulia. Lakini vilikuja baada ya tingatinga, na waliobomolewa 2015 hawakuwa tena wakazi wa bonde wakati wakazi wa bonde walipoalikwa.

Kama tunataka kuona mpangaji wa chumba akiketi na mpangaji wa mji, hatuna budi kwenda Nairobi. Mukuru ni vijiji vitatu vikubwa, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, juu ya ardhi yenye hati za watu wasioishi hapo. Karibu wote waishio Mukuru hulipa kodi. Muungano wa Wanavijiji na wenzao walikusanya ushahidi kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme kwa bei ya juu kuliko wa mitaa rasmi, na mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Ujenzi wa barabara kwa vigezo vya kawaida ungewahamisha watu wengi mno, hivyo vigezo vyenyewe vikajadiliwa. Kaya kumi kumi ziliunda kikundi, vikundi vikatuma wajumbe ngazi ya juu yake, na hivyo hivyo, katika eneo lenye kaya zaidi ya laki moja. Mpangaji alihesabiwa kama mkazi kwa sababu anakaa, si kwa sababu anamiliki. Kwa sarufi yetu ya mwanzo, huko watu walishiriki. Baada ya hapo, kati ya 2020 na 2022, barabara, mabomba na visima vilianza kuonekana.

Oktoba na Novemba 2021, wakati kazi hizo zikiendelea, maelfu ya watu wa Kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara nyingine, iliyoamuliwa na ofisi nyingine. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, walio kando ya mto walibomolewa nao. Kwa vipimo vya Arnstein, Mukuru ilikuwa imefika kwenye ubia. Kwa vipimo vya Turner, wakazi walikuwa wamejisimamia kuliko mpaka rangi wa Mexico. Hakuna kati ya waandishi hawa wawili aliyetuandalia swali la kuiuliza ile ofisi nyingine, ambayo haikuhudhuria mkutano wowote na haikuhitaji kuhudhuria.